Broca, Daktari Aliyetafuta Maskani ya Usemi

Iwe Nakuru mjini, Njoro, Molo au Gilgil, kisa huwa ni kilekile. Mzee aliyekuwa msemaji wa ukoo hupatwa na kiharusi usiku, na kunapopambazuka mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Jamaa hugawanyika: huyu husema karogwa, yule husema akili imeruka. Mara nyingi si hili wala lile. Akili ipo, masikio yapo, na ulimi upo. Kilichoumia ni sehemu ndogo ya ubongo. Ugonjwa huo huitwa afasia, na aliyeutafutia ushahidi wa kutegemewa ni daktari Mfaransa, marehemu Paul Broca. Yafaa kumjua mtu huyu, kwani jema lake na baya lake yote mawili yalifika hapa kwetu katika Bonde la Ufa.

Broca alizaliwa tarehe 28 Juni, 1824, katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, usio mbali na Bordeaux. Baba yake alikuwa daktari. Kijana huyo aliingia chuo cha uganga mjini Paris akiwa na umri wa miaka 17, na mwaka 1849 akahitimu udaktari. Baadaye akawa mpasuaji mashuhuri, na mwaka 1859 alianzisha chama cha wataalamu wa elimu ya binadamu.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana vikali. Wengine walishikilia kwamba usemi una mahali pake maalumu katika ubongo. Wengine walisema ubongo wote hufanya kazi kama kitu kimoja. Maneno yalikuwa mengi, ushahidi haba.

Mwezi wa Aprili, 1861, mgonjwa aitwaye Leborgne aliletwa katika wodi ya Broca kwenye hospitali ya Bicêtre, mguu wake ukiwa umeoza. Mtu huyo alikuwa amekaa Bicêtre miaka 21, na kila alipoulizwa jambo alijibu kwa sauti moja tu, tan, akiirudia mara mbili. Hata hivyo alionekana kufahamu mengi aliyoambiwa, na alijibu kwa ishara za mkono wa kushoto. Alifariki tarehe 17 Aprili. Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele.

Miezi michache baadaye akapatikana mzee Lelong, mwenye umri wa miaka 84, aliyebakiwa na maneno matano tu. Kwa kila hesabu alitamka tatu, lakini vidole vyake vilionyesha idadi ya kweli. Alipoulizwa ana watoto wangapi, mdomo ulisema tatu na vidole vikasimama vinne. Basi fikra zilikuwa zima. Njia ya kuzitoa ndiyo iliyokatika. Alipofariki, dosari ilikutwa mahali palepale.

Hapa ndipo ubora wa Broca unapoonekana. Hakukimbilia kutangaza kanuni kwa wagonjwa wawili. Aliendelea kukusanya mifano, na kufikia mwaka 1863 alikuwa na wanane, wote wameumia kushoto. Jambo hilo lilimshangaza mwenyewe, akangoja. Ni mwaka 1865 tu alipotamka kwamba watu walio wengi husema kwa upande wa kushoto wa ubongo.

Hakuishia kwa maiti. Mwaka huohuo alieleza jinsi alivyojaribu kumfundisha mgonjwa kusoma upya, akianzia herufi. Maendeleo yalikuwa madogo, lakini Broca hakumlaumu mgonjwa. Alikumbusha kuwa mtoto hujifunza kusema kwa sababu mama yake yu naye kutwa, na daktari hana saa hizo.

Lakini mtu huyuhuyu alikuwa na upande mwingine. Alipenda kupima mafuvu, na aliamini kwamba vipimo vingethibitisha ubora wa Wazungu juu ya mataifa mengine. Kipimo kilipompendeza alikikubali; kilipompinga alitafuta sababu ya kukiacha. Subira aliyokuwa nayo kando ya kitanda cha Leborgne hakuwa nayo hapa.

Elimu hiyo ya kupima mafuvu ilikuja hadi kwetu. Louis Leakey alipochimba Nakuru, Elementaita na pango la Gamble kuanzia mwaka 1926, alipata mifupa ya watu wa kale. Katika kitabu chake cha mwaka 1935, akitumia vipimo vya mafuvu, aliwatenga watu hao na Waafrika weusi. Mwaka 1975 mtaalamu Mmarekani, Philip Rightmire, alichapisha vipimo vipya vilivyoonyesha kuwa hapakuwa na sababu ya kuwatenga. Ushahidi ulisahihisha kilichoharibiwa na dhana.

Broca aliteuliwa seneta wa maisha mwaka 1880, lakini hakuufaidi wadhifa huo. Alifariki mjini Paris tarehe 9 Julai mwaka huohuo, umri wake miaka 56. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel.

Hata hivyo urithi wake mkubwa ni swali lililobaki: je, aliyepoteza usemi aweza kurudishiwa? Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walitoa jibu kwa kuchunguza watu 156, waliokuwa na afasia kwa zaidi ya miezi sita. Waliofundishwa saa 10 au zaidi kila wiki, kwa wiki tatu, waliendelea vizuri katika mazungumzo ya kila siku kuliko waliokuwa bado wanangoja zamu. Saa za mama, alizozitaja Broca, zilikuwa na maana.

Kwetu wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache; Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kilichotangulia kuwafundisha katika Afrika Mashariki, mwaka 2008. Tena mzee wa Nakuru huenda ana Kikalenjin au Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, na kiharusi chaweza kuacha lugha moja na kuchukua nyingine. Mganga awaye yote, wa hospitali au wa mitishamba, aulizwe kama Broca alivyojiuliza katika siku zake njema: wangapi wamepona kwa njia hii, na umejuaje? Wakati jibu linatafutwa, mzee asifungiwe chumbani kama mwehu. Akae barazani, asemeshwe polepole, angojwe. Kimya chake si upungufu wa akili.