Hebner: Bingwa Aliyeokolewa na Maneno ya Sheria

Aghalabu tunapojadili haki michezoni, huwatazama waamuzi na kuyasahau maandishi wanayoyasimamia. Maisha ya Harry Hebner, mwogeleaji wa Marekani aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1891, yanatukumbusha kuwa haki huanzia katika neno lililoandikwa.

Hebner aliiogelea klabu ya Illinois Athletic Club. Mwaka wa 1908, angali kijana mbichi, alitwaa nishani ya shaba katika mbio za kupokezana kwenye Olimpiki za London. Desturi ya waogeleaji wa chali siku hizo ilikuwa kuirusha mikono yote miwili nyuma kwa pamoja. Hebner alikuja kuirusha kwa zamu, mmoja baada ya mwingine.

Kwa mtindo huo alishinda mita 100 mjini Stockholm mwaka wa 1912, kwa dakika 1 na sekunde 21.2, akiwatangulia Wajerumani Otto Fahr na Paul Kellner. Inasimuliwa kwamba baadhi ya maofisa walitaka kumwondoa kwa sababu ya ugeni wa mtindo wake. Hata hivyo, sheria ilimtaka mwogeleaji alale chali tu. Juu ya mikono ilinyamaza. Dhahabu ikabaki yake.

Mbio zile ziliogelewa moja kwa moja, bila kugeuka. Lakini mzozo uliokuja baadaye kuhusu kugeuka ukutani ulikuwa na mzizi ule ule. Kwa miaka mingi mwogeleaji wa chali alilazimika kuugusa ukuta kwa mkono kabla ya kujipindua. Tangu 1991 ameruhusiwa kulala kifudifudi anapoukaribia, mradi asikatize mwendo wa kugeuka na aondoke ukutani akiwa chali. Je, huko bado ni kuogelea chali?

Swali hilo ni la haki, ila anayepaswa kulijibu ni mtunga sheria, wala si mwamuzi aliyesimama kando ya bwawa. Daichi Suzuki wa Japani aliposhinda Seoul mwaka wa 1988 baada ya kuogelea masafa marefu chini ya maji, masafa hayo yaliwekewa mpaka baadaye. Nishani yake haikuguswa. Yamkini atatokea wa kudai kuwa wapinzani walidhulumiwa. La hasha! Sheria ilikuwa moja, na mlango ulikuwa wazi kwa wote.

Hebner alirejea Olimpiki mwaka wa 1920, Antwerp, akicheza polo ya majini. Alifariki mwaka wa 1968.

Nasi walimu, mara ngapi tumemnyima mwanafunzi alama kwa kuwa amelifikia jibu sahihi kwa njia ambayo haimo katika mwongozo wa kusahihishia? Kabla ya kuushusha wino mwekundu, yafaa tujiulize: mtoto huyu amevunja kanuni, au ameyavunja mazoea yetu tu?