Robert Smalls: Mtumwa aliyeteka meli, akawa mtunga sheria

WENGI wanaolijua jina la Robert Smalls humkumbuka kwa usiku mmoja wa Mei 1862, alipoitwaa meli ya mabwana zake na kuingia nayo katika uhuru. Hata hivyo, safari hiyo ya saa chache ilikuwa mwanzo tu. Kwa zaidi ya miaka 25 baadaye alipigana vita vingine, visivyokuwa na mizinga, vya kutetea kiti chake bungeni na haki ya watu wake kupiga kura. Alivishinda mara kadhaa. Mwishowe alishindwa, na aliyemshinda hakuwa mpigakura.

Smalls alizaliwa Aprili 5, 1839, mjini Beaufort, pwani ya jimbo la South Carolina nchini Marekani. Mamake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumbani wa familia ya McKee, naye mwana alizaliwa katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana huyo. Kwa mujibu wa sheria za wakati huo, mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa.

Alipofikisha umri wa miaka 12, alipelekwa katika mji mkubwa wa Charleston kufanya kazi za kukodishwa. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akapata kazi bandarini. Ujira wake ulimwendea bwana wake, naye akabakiziwa sehemu ndogo tu. Lakini bandari ilimpa elimu ambayo hakuna aliyekusudia kumpa. Alijifunza kupakia shehena, kushona matanga, kufunga kamba na hatimaye kushika usukani. Akaifahamu mikondo ya maji na mafungu ya mchanga ya bandari hiyo kama kiganja cha mkono wake.

Mnamo 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumwa aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Walipojaliwa mtoto, hofu iliingia nyumbani: wakati wowote mke na mwana wangeweza kuuzwa mbali. Smalls aliafikiana na aliyewamiliki kwamba atawanunua kwa dola 800, akaanza kudunduliza. Kabla fedha hizo hazijatimia, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Aprili 1861 kati ya majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, na serikali kuu ya Washington.

Wakati huo Smalls alikuwa akiendesha meli iitwayo Planter, iliyotumiwa na jeshi la Kusini kusafirisha silaha. Usiku wa Mei 12, 1862, maafisa watatu Wazungu walishuka na kwenda kulala mjini. Kabla ya alfajiri, Smalls na wenzake waliwasha mitambo, wakapitia gati lingine kuwachukua wake na watoto wao, kisha wakaelekea baharini wakiwa watu 16 kwa jumla.

Ili kutoka bandarini ilibidi wapite mbele ya ngome zenye mizinga, ikiwemo Fort Sumter. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akaiga mwendo wake na kupiga honi kwa ishara zinazotakiwa. Walinzi walimruhusu apite. Kulipopambazuka, aliteremsha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe, akaikabidhi Planter kwa manowari za serikali kuu zilizokuwa zimeizingira bandari. Pamoja na meli, alikabidhi mizinga, kitabu cha ishara za siri na habari muhimu kuhusu ulinzi wa Charleston.

Bunge la Congress lilipitisha sheria ya kuwatunuku, na Smalls akapewa dola 1,500. Mwezi Agosti mwaka huo alifika Washington kumwona waziri wa vita, Edwin Stanton, na kuchangia uamuzi wa kuwaruhusu watu weusi wa pwani hiyo kuandikishwa jeshini. Alirudi vitani akiwa rubani wa meli. Mnamo Desemba 1863 nahodha wa Planter alipoikimbia nafasi yake chini ya makombora, Smalls alishika usukani na kuiokoa meli. Akafanywa nahodha wake, mtu mweusi wa kwanza kupewa wadhifa huo katika utumishi wa jeshi la Marekani.

Vita vilipokuwa vikiendelea, ile nyumba ya familia ya McKee ilipigwa mnada kwa sababu ya kodi isiyolipwa. Aliyeinunua alikuwa Robert Smalls. Baadaye umiliki wake ulipingwa mahakamani, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mnamo 1878 Smalls alishinda.

Kusoma na kuandika alijifunza akiwa mtu mzima, kwa kuajiri walimu. Haishangazi basi kwamba siasa zake zilianzia shuleni. Mnamo 1867 alishirikiana na wenzake kupata jengo la shule ya watoto weusi mjini Beaufort. Mwaka huo huo, Congress iliyaweka majimbo ya Kusini chini ya usimamizi wa jeshi na kuamuru wanaume weusi wapige kura. Katika South Carolina watu weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, na katika eneo la Beaufort walikuwa wengi mno.

Smalls alikuwa na silaha nyingine: ulimi. Alizungumza Kigullah, lugha ya watu weusi wa visiwa vile, iliyochanganya Kiingereza na lugha za Afrika Magharibi. Wakulima waliompigia kura walimsikia akisema kama wao, wakamjua kuwa mwana wao.

Mnamo Januari 1868 aliketi Charleston kama mjumbe wa kongamano la kuandika katiba mpya ya jimbo, ambamo wajumbe weusi walikuwa ndio wengi. Hapo alitoa hoja ya kuanzishwa shule za umma zisizolipiwa, na watoto walazimike kuhudhuria. Katiba iliyopitishwa iliweka msingi wa elimu ya bure kwa watoto wote, katika jimbo ambalo miaka michache awali kumfundisha mtumwa kuandika kulikuwa kosa la jinai.

Mwaka uo huo alichaguliwa katika Bunge la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln. Mnamo 1870 akapanda hadi Seneti ya jimbo kujaza nafasi iliyoachwa wazi na Jonathan Wright, aliyeteuliwa kuwa jaji. Mnamo 1872 alichaguliwa tena. Akiwa mtunga sheria wa jimbo alitetea haki za kiraia na shule, akaongoza kamati iliyosimamia kandarasi za uchapishaji, na akapanda cheo hadi kuwa jenerali katika wanamgambo wa jimbo.

Mnamo 1874 aliwania kiti cha Congress mjini Washington na kushinda kwa takriban asilimia 80 ya kura. Ushindi wa aina hiyo hakuuona tena.

Uchaguzi wa 1876 uliendeshwa kwa bunduki. Makundi ya wafuasi wa chama cha Democratic, waliojulikana kwa mashati yao mekundu, yalizunguka na farasi yakivuruga mikutano na kuwatisha wapigakura weusi. Mwezi Julai watu weusi kadhaa waliuawa katika kijiji cha Hamburg. Smalls alimshinda George Tillman kwa kura 19,954, ambazo zilikuwa asilimia 52. Lakini serikali ya jimbo ilitwaliwa na Democratic, na mwaka uliofuata wanajeshi wa serikali kuu wakaondolewa katika makao makuu ya jimbo. Waliomchagua wakaachwa bila mlinzi.

Pigo lililofuata lilitoka mahakamani. Mnamo 1877 Smalls alishtakiwa kwamba, alipokuwa seneta wa jimbo, alipokea hongo ya dola 5,000 kuhusiana na kandarasi ya uchapishaji. Shahidi mkuu alikuwa karani wa zamani wa Seneti ambaye mwenyewe alihusika katika sakata hiyo. Smalls alikana mashtaka, akapatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu, kisha akaachiliwa kwa dhamana akisubiri rufaa. Mnamo 1879 gavana alimsamehe kufuatia maafikiano ambayo kwayo kesi dhidi ya wafuasi wa Democratic walioshtakiwa kwa hila za uchaguzi zilitupiliwa mbali. Wapo walioona haki imetendeka na wapo walioona njama. Doa hilo, hata hivyo, wapinzani wake hawakuacha kulitumia.

Akiwa na mzigo huo begani alikwenda uchaguzini mnamo 1878. Huko Gillisonville, mamia ya wapanda farasi wa mashati mekundu waliuvamia mkutano wake, akalazimika kujificha dukani na wenzake huku risasi zikirushwa. Habari zilipoenea, wakulima weusi, wanaume kwa wanawake, walimiminika wakiwa na kila walichoweza kushika, nao wavamizi wakaondoka. Maisha yake yaliokolewa, kiti hakikuokolewa. Tillman alimbwaga kwa kishindo.

Walipokutana tena mnamo 1880, Tillman alitangazwa mshindi kwa mara ya pili. Safari hii Smalls hakukubali. Aliwasilisha malalamiko katika Congress, akaeleza jinsi wafuasi wake walivyotishwa na kura kuibwa. Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Suala lilipofika ukumbini, wajumbe wa Democratic walitoka nje ili idadi ya kikao isitimie, lakini mnamo Julai 19, 1882, Smalls aliapishwa. Muhula wenyewe ulikuwa umebakisha miezi michache tu.

Waliomtaka aondoke walikuwa wamekwisha kubadilisha mbinu. Mwaka huo wa 1882 jimbo lilichora upya mipaka ya maeneo ya uwakilishi, likawabana watu weusi wengi iwezekanavyo katika eneo moja refu lililopinda, ili wasiwe na nguvu kwingineko. Aidha, ilipitishwa sheria ya masanduku manane: kila wadhifa ulikuwa na sanduku lake, na kura iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake haikuhesabiwa. Asiyejua kusoma angewezaje kulitambua sanduku? Ndiyo maana Smalls alizing'ang'ania shule.

Katika uteuzi wa chama wa mwaka huo alishindwa na Edmund Mackey. Mackey alifariki mapema 1884, Smalls akachaguliwa kuijaza nafasi yake, na mwezi Novemba akamshinda William Elliott. Miaka miwili baadaye Elliott alitangazwa mshindi kwa kura 6,493 dhidi ya 5,961. Smalls aliwasilisha malalamiko tena, lakini mara hii Congress haikumsikiliza. Hakurudi bungeni tena.

Kuanzia 1889 alihudumu kama afisa mkuu wa forodha wa Beaufort, kazi aliyoishikilia hadi 1913, isipokuwa kwa miaka michache katikati. Lakini alikuwa amebakisha pambano moja. Mnamo 1895, Ben Tillman, nduguye yule George na aliyekuwa gavana, aliitisha kongamano la kuiandika upya katiba ya jimbo. Lengo halikufichwa: kumwondoa mtu mweusi katika daftari la wapigakura. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita, na watano kati yao walitoka Beaufort.

Smalls, akiwa na umri wa miaka 56, alisimama mbele ya watu walioshinda kwa hila alizozishuhudia kwa macho yake na kuwakumbusha hilo. Kongamano lilipojadili kupiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na weusi, alipendekeza kwamba Mzungu yeyote anayeishi na mwanamke mweusi kinyumba azuiwe kushika wadhifa wa umma. Wenzake waliijua siri za majumba yao, wakaikataa hoja hiyo. Katiba ikapita, ikimtaka mpigakura athibitishe kuwa anaweza kusoma au ana mali ya dola 300, huku wanaomkagua wakiwa Wazungu. Smalls alikataa kuitia saini, hata alipokumbushwa kwamba huenda akakosa marupurupu ya safari ya kurudi nyumbani.

Alifariki Februari 23, 1915, akazikwa mjini Beaufort. Tangu 1897 South Carolina haikumpeleka mtu mweusi mwingine katika Congress hadi Jim Clyburn alipochaguliwa mnamo 1992.

Heshima zilichelewa, lakini zilifika. Mnamo 2023 jeshi la wanamaji la Marekani liliipa manowari jina lake, na mnamo 2024 watunga sheria wa South Carolina waliidhinisha mnara wa kumbukumbu yake kwenye viwanja vya makao ya bunge la jimbo. Katiba aliyokataa kuitia saini ilimfungia mlango mpigakura mweusi kwa miongo kadhaa. Wazo la shule ya umma isiyolipiwa, alilolitetea mnamo 1868, liliuvuka utawala wote uliomng'oa, na watoto wa jimbo hilo wanaendelea kufaidika nalo hadi leo.