Al-Kindi na Maandiko ya Siri

Katika siku hizi twaulizwa mara kwa mara na vijana wa darasa yetu juu ya njia mpya za kufumba maandiko, ambazo wenye kuziuza hudai kwamba barua na khabari za fedha zikishatiwa humo hapana kiumbe awezaye kuzifumbua. Mmoja katika vijana hao alikuwa tayari kuzitia hesabu zote za duka la babake katika njia ya namna hiyo, kwa kuwa tangazo lake lilikuwa zuri. Tumeona jawabu iliyo njema ni kueleza maisha ya mtu aliyelipima jambo hili zaidi ya miaka elfu na mia moja iliyopita.

Naye ni Abu Yusuf Ya'qub bin Is-haq, wa kabila la Kinda, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 801 mjini Kufa, ambako babake alikuwa liwali. Alisoma Basra na Baghdad, akaingia katika majlisi ya Khalifa Al-Ma'mun (813–833), zama ambazo vitabu vya Wayunani vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu. Nduguye Al-Ma'mun, Khalifa Al-Mu'tasim, alimfanya mwalimu wa mwanawe Ahmad. Ibn Al-Nadim ametaja vitabu na risala zake zaidi ya mia mbili: za tiba, hesabu, muziki, nuru, manukato, hata panga.

Katika risala hizo imo moja ya kufumbua maandiko yaliyofumbwa. Hakuwa wa kwanza kuligusa jambo hili, kwani Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni mkubwa wa lugha, alikwisha andika kitabu chake kabla yake. Lakini hicho kimepotea. Siri za zama zile nyingi zilikuwa za kubadili herufi: mahali pa alifu hutiwa alama moja, mahali pa lamu nyingine, na asiyejua mpango huona vurugu tupu. Na mipango yenyewe ni mingi mno. Herufi 28 za Kiarabu zaweza kubadilishana kwa namna ambazo hesabu yake ina tarakimu 30, na lau watu wote wa Baghdad wangalijaribu namna moja moja, umri wao usingalitosha. Mwenye kuuza siri ya namna hii angalikutajia hesabu hiyo, nawe ungaliridhika.

Al-Kindi hakuridhika. Alichukua maandiko ya kawaida ya Kiarabu, akahesabu herufi zake moja moja. Katika herufi 3,667 alipata alifu 600 na lamu 437, na nyingine zikafuata kwa daraja zao hata zile ambazo ni chache sana. Kisha alifundisha kwamba alama za maandiko yaliyofumbwa zihesabiwe vivyo hivyo, na iliyo nyingi zaidi idhaniwe kuwa ndiyo ile herufi iliyo nyingi, na ifuatayo kwa ifuatayo. Baada ya hapo mtu hutazama herufi zisizokaribiana katika lugha, na maneno ambayo watu hufungulia barua zao, hata maana ijitokeze. Mlango wenye funguo zisizo na idadi ulifunguka pasipo kujaribiwa ufunguo hata mmoja, kwani udhaifu haukuwa katika uchache wa funguo. Ulikuwa katika ukuta. Wala hakudai makubwa: alisema wazi kwamba maandiko yakiwa mafupi, hesabu hiyo haisaidii.

Tabia hii ya kutokubali dai kwa ukubwa wake aliionyesha pia kwa watu wa alkemia waliodai kugeuza madini kuwa dhahabu, akaandika kufichua hila zao. Hata hivyo hatumsifu kwa kila jambo. Aliamini utabiri wa nyota, na katika falsafa yake mna mengi ambayo wanavyuoni hawakuyakubali. Mtu aweza kupima vizuri mahali pamoja akateleza pengine.

Zama za Al-Mutawakkil (847–861) zilikuwa nzito kwake. Yasimuliwa kwamba Muhammad na Ahmad, wana wa Musa bin Shakir, walimfitini kwa Khalifa hata akapigwa, nao wakavichukua vitabu vyake vyote. Kisha ndugu hao walisimamia uchimbaji wa mfereji mkubwa, na fundi wao akakosea vipimo: mdomo wake ulichimbwa chini kuliko sehemu zilizobaki, maji yasingeweza kupita ila mto ukijaa. Walipoona hatari walimkimbilia Sanad bin Ali awaokoe, naye akakataa kusema lolote mpaka vitabu vya Al-Kindi virudi kwa mwenyewe. Viliporudi, akamwambia Khalifa kwamba mfereji hauna kosa, akijua kuwa maji ya Tigris yangalilificha miezi kadha. Kabla maji hayajapungua, Khalifa aliuawa. Wangapi wanaotuuzia vitu leo wangojea bahati kama ile!

Al-Kindi alikufa Baghdad kiasi cha mwaka 873. Risala yake ya siri ilikaa katika makhazini ya vitabu ya Istanbul, ikachapishwa Damascus mwaka 1987.

Tulimwambia kijana yule kwamba wajuzi wa leo hushika njia iyo hiyo: njia ya kufumba hutolewa hadharani, ufunguo peke yake ukawa siri, kisha mahodari huachiwa waivunje wakiweza. Na mwaka 2022 njia iitwayo SIKE, ambayo msingi wake ulichunguzwa na wanavyuoni tangu 2011, ilivunjwa na watu wawili wa Leuven, Ubelgiji, kwa kompyuta moja na muda wa kama saa moja. Ikiwa iliyochunguzwa miaka yote hiyo imevunjika, tufanyeje na iliyofungiwa sandukuni na mwenye kuiuza?

Kijana amewaandikia wenye tangazo, kuwauliza ni nani asiyekuwa wao aliyewahi kuijaribu njia yao. Hesabu za duka zingali katika daftari, naye angojea jawabu.