Johann Sebastian Bach na Giza la Macho Yake

Katika ibada za Kilutheri huimbwa nyimbo za kale za Ujerumani. Leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyezipangia sauti nyingi kati ya hizo.

Johann Sebastian Bach alizaliwa Eisenach mwaka wa 1685. Alipopata miaka kumi alikuwa amefiwa na baba na mama, akalelewa na kaka yake. Husimuliwa kwamba usiku, kwa siri, alinakili kitabu cha muziki kwa mwanga wa mwezi. Tangu mwaka wa 1723 alikuwa mwimbishaji wa Mtakatifu Toma mjini Leipzig, na miaka ya kwanza alitunga muziki mpya wa ibada karibu kila juma.

Hata uzeeni macho yake yakaingia giza. Mwishoni mwa Machi 1750 akapasuliwa na tabibu Mwingereza, John Taylor, aliyeusukuma mtoto wa jicho chini kwa sindano. Siku chache baadaye ikambidi kurudia. Zamani hizo haikujulikana kwamba vijidudu huingia kwa chombo kichafu. Bach akapofuka kabisa, na mwili wote ukadhoofika. Yasemwa kwamba asubuhi moja ya Julai aliona tena. Lakini saa chache baadaye akapatwa na kiharusi, naye akafariki tarehe 28 Julai 1750.

Siku hizi upasuaji huo ni salama zaidi, ila kazi haiishi siku ya kufunguliwa kitambaa. Konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, yaweza kuvimba na kuwa na ukungu. Mara nyingi hutakata kwa muda na kwa dawa ya matone. Ukungu usipoondoka, madaktari waweza kuweka konea ya mtu aliyefariki. Lakini jicho likizidi kuuma, likiwa jekundu, au nuru ikipungua, mgonjwa arudi hospitali siku ile ile. Asilisugue, wala asitie maji ya majani.

Basi, walimu wa Kisarawe na Kibaha, mzee akirudi kutoka kupasuliwa, mtembeleeni. Mwulizeni habari za matone yake na siku aliyoagizwa kurudi. Akikosa wa kumsindikiza, usharika umpatie. Bach hakuwa na tabibu wa kumponya. Wazee wetu wanaye. Tusiwaache wapofuke kwa kukosa mkono wa kuwaongoza njiani.