Frank Whittle: Aliyeleta mngurumo wa jeti na wazo la kuupunguza

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa Kipawa, Karakata, Kiwalani na Vingunguti hawahitaji kuelezwa maana ya kelele za ndege. Inapopita ndege kubwa kuelekea au kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, mazungumzo hukatika, mwalimu hunyamaza darasani na mtoto aliyelala hushtuka. Hata Kurasini, wilayani Temeke, ambako ndege hazitui, injini hizo zina uhusiano na wenyeji, kwani mafuta ya ndege hushushwa katika gati la mafuta la huko.

Ni wachache wanaofahamu kwamba Mwingereza Frank Whittle, mmoja wa waasisi wa injini ya jeti, ndiye pia aliyeliweka katika maandishi, kabla ya jeti yoyote kuruka, wazo ambalo baadaye lilisaidia kuipunguzia injini hiyo kelele.

Whittle alizaliwa mjini Coventry, Uingereza, Juni 1, 1907, akiwa mtoto wa fundi mitambo. Alipotaka kujiunga na jeshi la anga alikataliwa kwa sababu ya ufupi wake. Alifanya mazoezi ili arefuke, akakataliwa tena, na ni mwaka 1923 tu, katika jaribio la tatu, alipopokelewa kuwa mwanagenzi wa ufundi. Miaka mitatu baadaye aliteuliwa kusomea uofisa na urubani katika chuo cha Cranwell.

Akiwa huko, mwaka 1928, aliandika tasnifu kuhusu mustakabali wa ndege. Ndege za wakati huo zilitumia pangaboi lililozungushwa na injini ya pistoni, na hazikuweza kwenda kasi sana wala juu sana. Whittle alifikiria injini ya namna nyingine: inayovuta hewa, kuigandamiza, kuichoma pamoja na mafuta na kuitoa nyuma kwa kishindo, hivyo kuisukuma ndege mbele. Januari 1930 aliomba hataza ya ubunifu huo, akiwa na umri wa miaka 22.

Wizara ya Anga ya Uingereza haikuvutiwa. Mwaka 1935 hataza hiyo ilipohitaji kuhuishwa kwa ada ya pauni tano, ofisa huyo kijana hakuwa na fedha hizo na wizara haikumlipia, hivyo ikapotea.

Mwaka 1936 marafiki zake wa zamani walimsaidia kuanzisha kampuni ndogo ya Power Jets. Aprili 12, 1937, katika karakana mjini Rugby, injini yake iliwashwa kwa mara ya kwanza. Ilishika kasi kuliko ilivyotarajiwa na kuendelea kupiga kelele hata mafuta yalipofungwa, watu wakatimua mbio. Wajerumani walimtangulia angani Agosti 1939 kwa injini ya Hans von Ohain, lakini Mei 15, 1941 ndege ya kwanza ya Uingereza yenye injini ya jeti iliruka Cranwell kwa dakika 17.

Jambo linalowahusu zaidi majirani wa viwanja vya ndege ni hataza nyingine aliyoiomba mwaka 1936. Whittle aliona kwamba kurusha nyuma hewa kidogo kwa kasi kubwa mno ni kupoteza mafuta. Ni afadhali kusukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo. Alilenga kubana matumizi ya mafuta, wala hakulenga utulivu wa wakazi wa ardhini. Hata hivyo, mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba nguvu ya kelele za jeti huongezeka kwa kipeo cha nane cha kasi ya hewa inayotoka. Kwa kanuni hiyo, kasi ikipungua nusu, nguvu ya kelele hushuka mara 256.

Wazo hilo lilichelewa. Power Jets ilitaifishwa mwaka 1944, na mradi wake wa injini ya aina hiyo haukukamilika. Whittle, aliyedhoofishwa na miaka ya kazi nyingi, alistaafu jeshini mwaka 1948, akapewa zawadi ya pauni 100,000 na cheo cha heshima cha Sir. Kisha akawa mshauri wa kiufundi wa shirika la ndege la BOAC.

Ni BOAC hiyo iliyoanzisha safari za abiria kwa jeti Mei 2, 1952, kwa ndege ya Comet kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilinunua Comet zake mwaka 1960, likafuatia na Super VC10 mwaka 1966. Lilipovunjika mwaka 1977, Air Tanzania iliyoanzishwa mwaka huo ilitumia Boeing 737-200, ndege ambazo wakazi wengi wa Dar es Salaam wanazikumbuka kwa makelele yake.

Injini zenye feni kubwa zilianza kuenea duniani kuanzia mwaka 1970, ndege za Boeing 747 zilipoanza kubeba abiria. Airbus A220 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea Desemba 2018 zina injini ambazo hewa inayopita pembeni ya kiini chake ni takriban mara 12 ya ile inayopita ndani.

Lakini injini tulivu haimalizi tatizo. Mwaka 2001, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, lilipitisha mwongozo wenye hatua nne: kupunguza kelele kwenye ndege yenyewe, kupanga matumizi ya ardhi kuzunguka viwanja, kurekebisha namna ndege zinavyotua na kuruka, na kuweka masharti ya safari, yakiwamo ya usiku. Hatua ya kwanza ni ya wahandisi na watengenezaji. Ya pili ni ya mamlaka za ardhi na mipango miji, na jijini Dar es Salaam, ambako nyumba zimesogea hadi karibu na uzio wa uwanja, ndiyo ngumu kuliko zote. Wapo wakazi wa Kipawa waliohamishwa kupisha upanuzi. Waliobaki wanaishi na ndege ambazo, moja moja, zimepungua kelele, huku Jengo la Tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, likiwa limejengwa ili kupokea wasafiri wengi zaidi.

Whittle alihamia Marekani mwaka 1976, na mwaka 1991 alitunukiwa Tuzo ya Draper pamoja na von Ohain. Alifariki dunia nchini humo Agosti 1996, akiwa na umri wa miaka 89. Majivu yake yalirudishwa Uingereza na kuhifadhiwa katika kanisa la Cranwell, kwenye chuo alichoandikia tasnifu yake. Wazo lake la mwaka 1936 lilisubiri zaidi ya miongo mitatu kabla ya kuleta nafuu kwa wanaoishi karibu na viwanja vya ndege. Mipango ya ardhi nayo ikisubiri muda kama huo, nyumba nyingine nyingi zitakuwa zimekwisha jengwa chini ya njia za ndege.