Dkt. Aggrey, Kiongozi Aliyetumikia

Taarifa ya mwaka haikosi hesabu ya fedha na ya wanachama. Lakini chama hakisimami kwa hesabu peke yake, bali kwa jinsi viongozi wanavyochukuliana na watu. Kwa hiyo twapenda kuyakumbuka hapa maisha ya marehemu Dkt. James Emman Kwegyir Aggrey.

Alizaliwa mwaka 1875 huko Anomabu, katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Baba yake alikuwa msemaji katika baraza la chifu, na mwana alirithi kipawa cha maneno. Mwaka 1898 alikwenda Marekani kusoma katika Livingstone College, North Carolina, akabaki hapo miaka mingi akifundisha. Tena alikuwa mchungaji wa makanisa madogo ya shamba, akiwatumikia wakulima weusi.

Mwaka 1920 alikuwa Mwafrika pekee katika tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu Afrika. Mwaka 1924 tume ya pili ikamfikisha Kenya na nchi jirani. Alidharauliwa kwa ajili ya rangi yake, wala hakulipiza. Alifundisha kwa mfano wa kinanda: vibao vyeupe pekee hutoa sauti, vyeusi pekee vilevile, lakini ulinganifu wahitaji vyote.

Kisha alirudi kwao kusaidia kuanzisha chuo cha Achimota, pamoja na Gavana Guggisberg na Mchungaji A. G. Fraser. Hakuwa na askari wala sheria ya kumlazimisha mtu. Alishawishi tu, akisisitiza kwamba wasichana nao wasomeshwe.

Si wote walioridhika. Kijana Kwame Nkrumah, aliyemheshimu mno, aliona kwamba hapana ushirikiano wa haki mpaka watu wawe huru. Twakiri kwamba hoja hiyo ina uzito: upole usiodai haki huweza kumnufaisha mwenye nguvu. Hata hivyo, ni mfano wa Aggrey uliomvuta Nkrumah kwenda kusoma Marekani mwaka 1935, na ni Nkrumah aliyeiongoza Ghana kupata uhuru mwaka 1957.

Dkt. Aggrey alifariki New York mwezi wa Julai 1927, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu. Wahenga walinena kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Nasi twaongeza: yapate nguvu kwa kazi ya mikono ya msemaji. Atakaye kutuongoza na aanze kwa kututumikia.