Mwenda Jean Bosco, karani wa Likasi aliyefikisha gitare ya Katanga ng'ambo

Mwenda Jean Bosco alikuwa na umri wa miaka 22 hivi wakati gitare yake ilipomtoa Likasi na kumjulisha katika inchi nyingi. Hata hivyo, muziki peke yake haukumtosha kuishi. Kwa miaka mingi mtu huyu, ambaye wazungu waliandika vitabu juu ya vidole vyake, aliendelea kutafuta mshahara ofisini.

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, mji wa kifalme wa Bayeke, ambao mfalme Msiri alitawala hadi alipouawa mwaka wa 1891. Zamani hizo Likasi iliitwa Jadotville. Shaba ya Kambove na ya machimbo mengine ya Union Minière ilivuta vijana kutoka kila upande: Baluba, Basanga, Babemba, Bayeke na wengine. Katika makambi ya wafanyakazi, Kiswahili kilikuwa luga ya wote. Jioni na siku ya Yenga, gitare ilisikika kwenye mabaraza na kwenye vilabu vya pombe.

Bosco alipiga gitare kavu, bila umeme, kwa vidole viwili tu: kidole gumba na kile kinachokifuata. Gumba kilishika sauti nzito, kidole cha pili kikacheza sauti nyembamba juu yake, na mwenye kusikiliza alidhani kuna wapigaji wawili. Aliimba zaidi kwa Kiswahili cha Katanga, juu ya mapendo, ndoa na maisha ya mjini.

Mwaka wa 1952, Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimkuta Bosco akipiga gitare barabarani mjini Jadotville. Alimrekodi hapo. Kati ya nyimbo hizo kulikuwa Masanga, ambao ulipewa tuzo ya Osborn na ukatiwa katika diski za kampuni Gallo ya Afrika ya Kusini. Diski hizo ziliuzwa hadi Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na vijana wengi walijifunza gitare kwa kuzisikiliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco alikwenda Nairobi, ambako alipiga muziki wa kutangaza dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo pia alifanya kazi huko. Mtindo wao wa kupiga kwa vidole ulishika mizizi kati ya wapigaji wa Kenya. Mwaka wa 1969, Bosco alivuka bahari na kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Lakini hapa nyumbani mambo yalikuwa yanabadilika. Rumba ya Kinshasa, yenye gitare za umeme na wapigaji wengi, ilijaza redio na baa. Gitare kavu ya mtu mmoja ikaanza kuhesabiwa kuwa kitu cha wazee. Bosco hakukaa akingojea. Alifanya kazi ya banki, ya serikali na ya Gécamines huko Likasi. Aliongoza pia bendi zake mwenyewe mjini Lubumbashi, na akawa na hoteli kwenye mpaka wa Zambia. Wakati wa Mobutu, majina ya kizungu yalipokatazwa, alijulikana kama Mwenda wa Bayeke.

Wageni hawakumsahau. Mwingereza John Low alisafiri hadi Lubumbashi mwaka wa 1979 ili afundishwe naye, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka wa 1988, Bosco aliitwa Cape Town, ambako alirekodi tena nyimbo zake za ujana katika studio nzuri.

Ajali ya gari ilimuua Septemba 1990, akiwa na miaka 60. Albamu ya Cape Town ilitoka Marekani mwaka wa 1994. Mwenyewe hakuiona.